Chakula cha nusu njia

*Maongezi yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Dilolo. Yanachapishwa kwa ombi la komite.*

Jambo kwa wazee wetu wenye walivuka mpaka kabla sisi hatujazaliwa, na jambo kwa vijana wenye walirudi juzi tu na mizigo yao bado haijafunguliwa. Kwa wafadhili wetu wenye kuwa hapa, na wale wenye watasoma maneno haya mu gazeti letu, karibuni Dilolo.

Sekretari aliponiuliza nitaongea juu ya nini, nilimwambia: juu ya chakula chenye wanakulaka kwenye klabu za golf. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimelala vizuri. Najua na ninyi mnacheka. Hapa Dilolo hakuna uwanja wa golf. Tuko na reli, tuko na mpaka, tuko na mihogo. Na mtu wa Lubumbashi ukimwambia Golf, yeye anafikiri kartie tu: Golf Météo, Golf Plateau. Watu wengi wanaishi kule miaka mingi na hawajashika ule mpira hata siku moja.

Lakini niko na sababu mbili. Ya kwanza, mmoja wetu alipika mu klabu kama hiyo zaidi ya miaka 20, na ufundi wake unaweza kutusaidia. Ya pili, nataka kusahihisha sentensi moja ya raporti yenye niliandika kwa mkono wangu. Nitaanza na ya kwanza kwani ni rahisi. Ya pili itakuja.

Kwanza tuelewane golf ni nini. Ni mchezo wa kutembea. Mtu anapiga mpira mdogo kwa fimbo ya chuma, anaufuata, anaupiga tena, mpaka uingie mu tundu. Matundu ni 18. Kuyamaliza yote inachukua saa nne au zaidi, na mtu anakuwa ametembea kilometa saba na kitu. Mwenye kubeba mfuko wa zile fimbo anaitwa kedi. Yeye anatembea zilezile kilometa saba, ila yeye na mzigo begani.

Sasa mtu mwenye ametoka asubuhi akatembea saa mbili juani, anasikia nini? Njala. Njo maana kwenye viwanja vingi, zaidi huku kusini mwa Afrika, baada ya tundu la 9 watu wanasimama. Kuko kibanda ao dirisha la jikoni, wanakula kitu, wanakunywa, kisha wanaendelea na matundu 9 yenye yamebaki. Hawakai sana, dakika kumi, kumi na tano, kwa sababu wenzao wanakuja nyuma yao. Hicho njo ninakiita chakula cha nusu njia. Kisha mchezo ukiisha, wanaingia mu nyumba ya klabu, wanavua kofia, na hapo njo wanakula chakula cha kukaa.

Hivi ni vyakula viwili tofauti kabisa, na wapishi wake wanafikiri tofauti. Shikeni hilo neno, nitarudia.

Watu wenye kucheza huu mchezo wanakumbuka chakula kuliko mchezo wenyewe. Muulize mtu wa Kitwe ao Ndola juu ya klabu yao, hatakwambia alipiga mara ngapi. Atakwambia juu ya nshima na nyama ya mfupa, ile T-bone inayopita ukingo wa sahani, ao soseji nene wanayoiita Hungarian pamoja na chipsi, na Mosi baridi pembeni. Kule Nairobi watu wa golf wanaongelea sambusa na nyama choma. Uganda nao hawakuanza jana: klabu ya Entebbe ni ya mwaka 1901.

Mbali zaidi, kule Marekani, kuko klabu moja inaitwa Augusta National, mu jimbo la Georgia, yenye kila mwezi wa nne inafanya mashindano makubwa ya Masters. Ni klabu ya matajiri. Lakini chakula chenye watu wanakumbuka kule ni mkate mweupe, vipande viwili, katikati jibini iliyochanganywa na pilipili nyekundu tamu na mayonezi. Bei yake dola moja na nusu. Klabu yenye ingeweza kuuza ule mkate kwa dola kumi na watu wakanunua, inauuza dola moja na nusu, na watu wanarudi nyumbani wakiusifu kuliko mchezo.

Kule kule Augusta kuko desturi nyingine. Tangu mwaka 1952, mchezaji mmoja jina lake Ben Hogan alipoianzisha, washindi wote wa zamani wanakutana kula usiku mmoja kabla ya mashindano, na yule aliyeshinda mwaka uliopita njo anachagua chakula. Basi kila mmoja analeta kwao. Sandy Lyle, mtu wa Scotland, mwaka 1989 aliwapa haggis, ile ya matumbo ya kondoo. Trevor Immelman wa Afrika Kusini, mwaka 2009, aliwapa bobotie, nyama ya kusaga iliyookwa na mayai juu. Fikirini: mtu anasafiri mbali, anashinda, na kitu cha kwanza anachotaka kuwapa wenzake ni chakula cha mama yake. Sisi wenye tumekaa ugenini tunaelewa hilo bila kufasiriwa.

Lakini kuko upande mwingine, na siwezi kuuruka. Ile Augusta, kwa miaka mingi wabeba mifuko wote walikuwa Weusi, na mchezaji Mweusi wa kwanza kucheza Masters, Lee Elder, aliingia mwaka 1975 tu. Mwanachama Mweusi wa kwanza, mwaka 1990. Na kwetu huku kwenye mkanda wa shaba ilikuwa namna gani? Upande wa Zambia klabu nyingi zilijengwa wakati wa wakoloni, na za miji ya migodi zilijengwa na kampuni za migodi kwa ajili ya wazungu wao. Mfanyakazi Mwafrika alikuwa na ukumbi wake, mbali. Mlango wa klabu yeye alipita akibeba mfuko, ao akibeba sahani. Baada ya uhuru wa 1964 mambo yalibadilika. Mzee Kaunda mwenyewe alipenda golf sana na alikuwa na uwanja pale pale Ikulu, Lusaka. Upande wetu, wazee wa Union Minière na Gécamines wanajua zile cercle za Kolwezi na Likasi, nani alikaa mbele na nani alisimama nyuma. Sitaendelea. Ninyi mnajua kuliko mimi.

Sasa nije kwa Papa wetu. Jina lake sitaliandika mu gazeti, yeye mwenyewe aliomba hivyo. Wengi wenu mko mnamutazama sasa, na yeye anatazama chini. Papa, vumilia kidogo.

Papa alikuwa mtoto wa shule hapa hapa wakati vita ilipoingia, Machi 1977. Familia ilivuka kwenda Angola kwa miguu. Kule nako vita, wakasukumwa mpaka Zambia. Mu kambi hakukuwa kazi, basi kijana akatafuta njia yake mpaka Copperbelt. Alianza kama kedi. Kisha siku moja mpishi mmoja hakuja kazini, na wakauliza kati ya makedi nani anajua kumenya viazi. Papa akainua mkono. Anasema hakujua kumenya viazi. Alijua kumenya mihogo, na akafikiri ni ndugu.

Akakaa mule jikoni zaidi ya miaka 20. Aliporudi kwetu kupitia Kasumbalesa, hakuwa na karatasi hata moja yenye kusema huyu ni mpishi. Klabu haikumwandikisha, kwani yeye mwenyewe hakuwa na kibali cha kukaa mujini. Alikuwa analipwa mkononi, kila juma.

Mimi nilisoma chuo kikuu, nikajifunza kuandika miradi. Lakini mambo ya chakula cha nusu njia nilijifunza kwa Papa, tukikaa nyuma ya ofisi na brazero moja. Niwaambie kidogo tu yenye alinifundisha.

La kwanza: chakula cha nusu njia ni cha mkono mmoja. Mcheza golf mkono wake mmoja umevaa glavu. Ukimpa kitu cha kisu na uma, atakasirika. Sambusa, yai la kuchemsha na chumvi ya pilipili, soseji ndani ya mkate.

La pili: kazi inafanyika jana. Sambusa zinajazwa na kukunjwa usiku, kingo zinagandishwa kwa uji mzito wa unga na maji, zinapangwa chini ya kitambaa kilicholowa kidogo ili zisikauke. Asubuhi ni kukaanga tu. Chipsi zinakaangwa mara mbili: mara ya kwanza mu mafuta ya moto mdogo mpaka ziive bila rangi, zinatolewa, zinapoa. Mara ya pili mafuta ya moto mkali, dakika chache, mtu akiwa tayari anafika. Njo maana chipsi za klabu zilikuwa kavu nje na laini ndani, na zetu za sokoni zinalala mu mafuta kama nguo chafu. Wamama wa soko mnisamehe.

La tatu, na hili njo nililipenda zaidi: jicho. Papa alikuwa anaweka mtoto mmoja pale watu wanapomalizia tundu la 8. Akiona wanne wanakaribia, anainua kofia. Jikoni wakiona kofia, sambusa nne zinaingia kwenye mafuta. Watu wanafika, chakula kinatoka. Wanafikiri ni bahati.

Sasa mtazame Dilolo. Kutoka Lobito mpaka Luau, pale ng'ambo ya mpaka, reli ni kilometa 1,344. Kutoka hapa mpaka Tenke ni kilometa 522. Reli ya Benguela iliunganishwa na ya kwetu mwaka 1931, ikafa wakati wa vita ya Angola, na tangu 2018 treni za madini zimeanza kuvuka tena. Desemba 2024 hata raisi wa Marekani alifika Lobito kwa ajili ya hii njia. Kila mtu mu magazeti anaongea juu ya shaba na kobalti. Mimi nauliza: wenye kuisindikiza wanakula wapi? Dereva wa kamioni mwenye ametoka Kolwezi, amepita Mutshatsha, amepita Kasaji, ameamkia barabarani, anafika hapa na vumbi mpaka mu masikio. Mama mwenye kuvuka na mizigo. Mtu wa forodha mwenye hawezi kuacha kizuizi. Wote hao wako na dakika kumi na tano na mkono mmoja. Dilolo njo nusu njia. Sisi ni tundu la 9.

Hayo yalikuwa ya furaha. Sasa ile sentensi.

Mwaka jana kulikuwa na semina ya mashirika yenye kushughulika na wakimbizi na waliorudi. Ilifanyika Zambia, mu ukumbi wa klabu moja ya golf kwenye Copperbelt. Jina la klabu sitalitaja. Haikuwa ile ya Papa. Ukumbi wa klabu unakodishwa, mashirika mengi yanafanya hivyo. Komite yetu ilikuwa na nafasi mbili. Mimi nilienda kama mfanyakazi wa uwanjani, na Papa alienda kama mjumbe wa wanachama, kuongea baada ya saa sita juu ya kurudi bila karatasi.

Asubuhi ilienda vizuri. Majani yalikuwa yamekatwa mafupi kama zulia, wazee wawili walikuwa wanapiga mpira mbali kule. Papa alikaa karibu na dirisha. Hakusikiliza hotuba za asubuhi, nadhani. Alikuwa anahesabu watu kwenye uwanja.

Saa ya kula, tukaenda mlangoni mwa chumba cha kulia. Kibandiko cha jina la Papa kilikuwa kimeandikwa kwa bic, kwani kile cha mashine kilikuwa na makosa. Koti lake lilikuwa safi, lakini la zamani. Kijana wa mlangoni akamtazama, akatazama kile kibandiko, akasema kwa heshima kabisa: madereva na wafanyakazi, chakula chenu kiko nyuma.

Mimi nilikuwa mbele yake hatua moja. Nilisikia. Nyuma yangu kulikuwa na watu wa mashirika makubwa, mmoja wao ndiye niliyekuwa natafuta kuongea naye juu ya mradi wetu tangu asubuhi. Niligeuka, nikamtazama Papa. Yeye akaniambia polepole:

— Mwana, weye kula. Miye najua njia.

Na kweli aliijua. Akazunguka upande wa matanki ya maji, bila kuuliza mtu.

Nikaingia. Nikachukua sahani. Kulikuwa na kuku wa kuoka, wali, nshima iliyopangwa kama mayai makubwa, nyama ya mchuzi, kabichi, keki ya chokoleti. Nilikaa karibu na yule mtu niliyemtafuta. Tukaongea juu ya ushirikishwaji wa waliorudi. Lile neno njo tulilitumia, ushirikishwaji. Kando yangu kulikuwa na kiti kitupu nilichomwekea Papa kwa kuweka mfuko wangu juu yake. Mtu akaniuliza kama kina mwenyewe. Nikasema hapana, akakichukua.

Nilijiambia: nikimaliza hii nyama nitaenda. Kisha nikajiambia: nikimaliza keki. Mnaniona? Mtu anaweza kujiambia mambo mingi akiwa na sahani mkononi.

Nilipoenda, nilimkuta mlangoni mwa jikoni. Hakuwa amekula. Kijana mmoja wa pale alikuwa anakunja sambusa za jioni na zilikuwa zinafunguka, na Papa alikuwa amekunja mikono ya koti anamuonyesha namna ya kubana pembe. Aliponiona alinawa mikono, akasema twende. Akanipeleka nje ya geti, chini ya mwembe, pale makedi wanapokulia. Kuko mama anauza chai na fitumbuwa, mikate midogo ya kukaanga kwenye mafuta, sisi huku tunasema vitumbula, na maharagi ya moto. Papa akalipa, kwa kwacha zake, za wote wawili. Nilikuwa nimeshiba mpaka shingoni, na nilikula. Kitumbula cha nje kigumu kidogo, ndani laini, sukari kidogo tu. Kati ya vyakula vyote nilivyokula mu klabu ao karibu na klabu, kile njo ninachokikumbuka, na sikumbuki kwa furaha.

Nikamwambia Papa, pole, ningesema kitu. Akanyamaza. Kisha akasema:

— Nilikasirika. Usiandike mu raporti asema sikukasirika.

Basi. Tukarudi ndani. Akaongea dakika kumi juu ya kurudi bila karatasi, akiwa amesimama wima, na watu wakapiga makofi. Habari ya mlango hakuitaja.

Na mimi niliporudi Dilolo niliandika raporti. Wafadhili wetu, mnayo. Ukurasa wa tatu, nimeandika hivi: chakula cha mchana kilitolewa kwa washiriki wote. Hiyo sentensi si kweli. Ilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na mimi niliijaza na uongo kwa sababu raporti zote zinaandikwa vile, na kwa sababu kweli ingenionyesha mimi nikiwa na sahani. Papa alisema nisiandike kama hakukasirika. Mimi sikuandika kitu kabisa, na hiyo njo ilikuwa namna yangu ya kuandika kama hakukasirika. Leo naomba msamaha kwake mbele yenu, na naomba sentensi isomwe hivi: chakula cha mchana kilitolewa kwa washiriki wote isipokuwa mjumbe wa waliorudi, na mfanyakazi wetu aliyekuwepo hakusema kitu.

Mtaniuliza, hiyo yote inatusaidia nini? Inatusaidia hivi. Yule kijana wa mlango alimkataa Papa kwa ajili ya kibandiko. Sisi tunamkataa Papa kwa ajili ya cheti.

Ndiyo. Someni kanuni ya mfuko wetu wa mikopo. Kila mwenye kuomba mkopo wa ufundi lazima alete cheti cha kazi. Tuliiandika vizuri, ili pesa isipotee, na wafadhili waliisifu. Lakini nani kati ya waliorudi ana cheti? Fundi cherehani aliyejifunza Meheba? Mama aliyeoka mikate Luau? Papa ameomba mkopo mara mbili. Mara mbili dosie yake imerudishwa, na sahihi ya kurudisha mara ya pili ilikuwa yangu.

Komite iliruhusu jaribio dogo wakati wa mvua iliyopita: Papa na wamama wawili, karibu na kituo, kwa vyombo vya kuazima. Nisiwadanganye, halikuenda sawa siku zote. Juma la pili mvua iliingia kwenye unga na tukatupa mfuko mzima. Viazi hapa ni ghali, vikafanya hasara, mpaka Papa alipoviacha akachukua mihogo mitamu: inachemshwa kwanza, inapoa, kisha inakaangwa mu mafuta makali. Ni ile ile kanuni ya mara mbili. Nyama ya kusaga haikupatikana kila siku, basi sambusa zikajazwa makayabu ya kutoka ng'ambo, na vitunguu. Watu wa Luau walivuka kuja kuzinunua. Na mtoto alisimama pale kamioni zinapopinda, akiona moja anainua kofia.

Kitu kimoja zaidi juu ya bei. Mmoja wa wamama alitaka madereva walipe zaidi kwani wana pesa. Papa alikataa. Alisema dereva akiona umemuonea mara moja, ataleta bukari yake kutoka Kolwezi mu thermos, na atawaambia wenzake. Ule mkate wa dola moja na nusu wa Augusta, Papa hajauona hata siku moja, lakini hesabu yake ni ile ile.

Kwa hiyo mbele yenu kuko pendekezo, na mtalipigia kura leo. Pale kanuni inaposema cheti cha kazi, iongezwe: ao jaribio la mikono. Mwenye kuomba anafanya kazi yake siku tatu mbele ya wanachama watatu wenye kuijua ile kazi, na mmoja wao asiwe wa komite. Wakikubali, wanatia sahihi, na sahihi zao zinakuwa cheti. Wakikosea, hasara inaandikwa na majina yao yanajulikana. Wenye kucheza likelemba, na ninyi wa Zambia mnasema chilimba, mnajua tayari namna hii: hakuna anayeomba diplome, watu wanaulizana tu, huyu tunamjua?

Kwa wafadhili nina ombi moja, nalo si pesa zaidi. Tunaomba mkubali hii kanuni mpya kwa mwaka mmoja, kwa mikopo midogo tu, kisha mje muione. Tena mkituma mtu kuangalia, msimtume mu raporti yangu. Mtumeni asimame kwenye kamioni zinapopinda, saa moja asubuhi, na njaa.

Kuko wanachama wenye wanaogopa. Mzee mmoja aliniambia juzi: leo mpishi, kesho atakuja mwenye kusema ni daktari wa meno. Nilicheka, lakini neno lake ni la kweli. Kwa kazi zenye kugusa mwili wa mtu na dawa, cheti kibaki. Hatusemi karatasi ni mbaya. Tunasema mikono nayo iangaliwe.

Namaliza. Chakula cha leo kimepikwa na Papa na wale wamama wawili. Nimeomba komite, na wamekubali, kwamba leo hakuna meza ya wageni na hakuna chakula cha nyuma. Wapishi wakimaliza kugawa, wanakaa, na tunawangojea kabla ya kuanza. Itachukua dakika kumi. Mkiwa na njaa, mtanisamehe. Na kama kando yako kuko kiti kitupu, usikitoe mpaka uulize ni cha nani.

Papa, kiti chako kiko hapa, karibu na dirisha.